Kidogo Nacho Kipimwe

Wapishi wengi wa Lubumbashi hutia bikabonati katika chikanda kwa kukisia vidoleni. Vidole havilingani. Ikipungua, chakula hakishikani; ikizidi, huwa na ladha ya sabuni. Na vile viazi vya okidi huchimbwa katika misitu ya miombo, vikang'olewa pamoja na mmea wenyewe. Kuviharibu kwa uvivu wa kupima si haki. Sawazisha kijiko cha chai kwa kisu, gawa unga sahanini nusu kwa nusu, kisha nusu tena: umepata robo. Ukitaka sehemu ya kumi, yeyusha kijiko kimoja katika vijiko 20 vya maji, utumie viwili. Haba na haba hujaza kibaba. Haba iliyozidi huharibu chungu kizima.