Kutofautiana Si Uongo

Zamani, katika darasa letu, mwanafunzi mmoja alisimama akauliza swali. Alikuwa amezisoma Injili zote nne kwa bidii, akaona ya kuwa hazisemi maneno mamoja juu ya asubuhi ya ufufuo. "Mwalimu," aliuliza, "malaika aliyeonekana kaburini alikuwa mmoja, au walikuwa wawili?" Mwalimu alimwambia aketi, asimjaribu Mungu. Mwenzetu akaketi. Baada ya kipindi, kijana mwingine aliyejiona mwerevu kuliko sisi sote alimwendea akamwambia, "Umeona? Kitabu kizima ni uongo." Hivyo, kwa muda usiotimia saa moja, swali jema liliuawa mara mbili: mara ya kwanza kwa hofu, na mara ya pili kwa haraka.

Nakuandikia wewe, msomaji kijana, ili swali lako lisiuawe hivyo. Nasema ya kuwa mwalimu yule alikosa, na mwerevu yule alikosa vilevile. Na kosa lao lilikuwa moja, ingawa walielekea njia mbili. Wote wawili walidhani kwamba habari ya kweli haina budi kusimuliwa kwa namna moja tu. Kwa sababu hiyo mmoja alizificha tofauti, na wa pili akaitupa habari yote.

Tuzitazame kwanza tofauti zenyewe, maana si haki kubishana juu ya jambo tusilolitazama. Mathayo awataja wanawake wawili waliokwenda kaburini, na malaika mmoja aliyeliondoa jiwe akaketi juu yake. Marko awataja wanawake watatu, na kijana mmoja mwenye vazi jeupe aliyeketi ndani ya kaburi. Naye asema jua lilikuwa limekwisha kuchomoza. Luka awataja wanawake watatu kwa majina na wengine bila majina, na watu wawili wenye mavazi ya kumetameta. Yohana amtaja Mariamu Magdalene peke yake, naye asema kulikuwa kungali giza. Malaika wake wawili hawaonekani ila baadaye, Mariamu anapolia karibu na kaburi. Mathayo asema wanawake walikwenda mbio kuwapasha wanafunzi habari. Marko asema hawakumwambia mtu neno lolote, kwa kuwa waliogopa. Tofauti hizi zipo. Asemaye kwamba hazipo hajasoma, au amesoma kwa macho yaliyofumbwa.

Lakini tazama pia wasimulizi hawa wanapopatana. Wote wanne wasema ilikuwa siku ya kwanza ya juma. Wote wamtaja Mariamu Magdalene. Wote wasema jiwe lilikuwa limeondolewa mlangoni, na mwili haukuwamo. Wamepatana katika shina, wakatofautiana katika matawi. Je, huo ndio mwendo wa waongo? Watu wanaokula njama ya kusema uongo hupatana kwanza juu ya mambo madogo: ilikuwa saa ngapi, walikuwapo wangapi, nani alitangulia. Wajua ya kuwa hapo ndipo watakapokamatwa. Hakimu asikiapo mashahidi wanne wakitoa maneno yale yale, neno kwa neno, haongezi imani. Huuliza ni nani aliyewafundisha.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba tofauti huthibitisha ukweli. Watu wawili waweza kutofautiana na wote wawili wakawa wamekosea. Nasema tu ya kuwa tofauti peke yake si hukumu. Ni mlango wa kuuliza, na mwenye akili hapiti mlangoni kwa kuubomoa.

Basi tuulize: tofauti hizi hutoka wapi? Sababu ya kwanza ni muda. Wataalamu wengi wakadiria kwamba Injili ya Marko iliandikwa kiasi cha mwaka 70, yaani yapata miaka 40 baada ya mambo yanayosimuliwa. Muda huo wote habari ilipita vinywani mwa watu, katika miji mbalimbali. Luka mwenyewe akiri mwanzoni mwa kitabu chake kwamba wengine walikuwa wameandika kabla yake, na kwamba habari zilitoka kwa walioyaona mambo kwa macho yao. Na penye wengi pana mengi.

Sababu ya pili ni uchaguzi. Hakuna msimulizi awezaye kusema yote, na Yohana aeleza waziwazi kwamba yapo mengi asiyoyaandika. Amtajaye mtu mmoja hasemi kwamba wengine hawakuwapo. Soma kwa uangalifu: Mariamu wa Yohana, aliyetajwa peke yake, anapompasha Petro habari hasemi kwamba yeye hajui mwili ulikowekwa, asema kwa wingi, kama mtu aliyekuwa pamoja na wenzake.

Sababu ya tatu ni mahali asimamapo msimulizi. Kwa hiyo nakuletea mfano wa karibu na kwetu. Kati ya mwaka 1885 na 1887, Kabaka Mwanga wa Buganda aliwaua Wakristo wengi, na wengi wa wale tunaowajua kwa majina walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Ukiuliza katika Kanisa Katoliki, utaambiwa kwamba mashahidi wa Uganda ni 22. Ukiuliza katika Kanisa la Anglikana, utaambiwa ni 23. Mwenye haraka atacheka, aseme kwamba hawa hawajui kuhesabu. Kumbe kila kanisa lilihesabu watoto wake, na hesabu mbili zikijumlishwa ni 45. Wakatoliki na Waanglikana waliokufa siku moja, mahali pamoja, waliandikwa katika orodha mbili, kwa sababu waliowalilia walikuwa nyumba mbili. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya imani hiyo hiyo. Hapa hapakuwa na uongo hata kidogo. Palikuwa na watu wawili wa kuulizwa, na sisi tulimwuliza mmoja.

Si kila tofauti huyeyuka kwa urahisi huo. Saa ya giza na saa ya jua ni saa mbili. Kunyamaza kwa hofu na kwenda mbio kupasha habari ni mambo mawili. Wapo watu wema wanaotaka kuzipatanisha kwa nguvu, wakiongeza safari ambazo hakuna mwandishi aliyezitaja, hata habari nne zigeuke kuwa ya tano isiyoandikwa na mtu. Jambo hilo lilijaribiwa zamani. Kiasi cha mwaka 170, mtu aliyeitwa Tatian alizichanganya Injili nne akatunga kitabu kimoja laini, kiitwacho Diatessaron, nacho kilisomwa makanisani huko Siria kwa vizazi vingi. Katika karne ya tano askofu Theodoret wa Cyrrhus alikusanya nakala zake zaidi ya 200, akaziondoa, akaweka Injili nne mahali pake. Alilalamika kwamba kitabu kile kiliacha mambo yaliyomo katika Injili zenyewe, kama vile nasaba ya Yesu. Mwenye hofu na aione habari hii. Wazee wa kanisa walikuwa na simulizi moja isiyo na mikwaruzo mikononi mwao, nao wakachagua nne zenye mikwaruzo.

Wala usidhani kwamba kuuliza ni desturi ya Wakristo peke yao. Maulama wa Kiislamu walijenga elimu nzima ya kuchunguza nani alipokea Hadithi kutoka kwa nani. Na Ibn Qutayba, aliyefariki mwaka 889, aliandika kitabu juu ya Hadithi zinazodhaniwa kupingana. Watu hao waliheshimu dini yao, na kwa kuiheshimu walichunguza.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukikuta habari mbili za tukio moja, usikimbie, wala usishangilie. Isome kila moja mpaka mwisho wake. Uliza nani asimulia, lini, na kwa ajili ya nani. Patanisha yanayopatana. Yasiyopatana yaache kama yalivyo, wala usione haya kusema kwamba hayapatani.

Swali la mwenzetu lilikuwa na jibu, na halikuhitaji hofu wala ujuzi mkubwa. Mwalimu angalisema, "Mathayo na Marko wasimulia juu ya mmoja, Luka na Yohana wasimulia juu ya wawili. Fungueni vitabu, tusome wote wanne." Tungalijifunza mengi siku ile.