Mwanafunzi Akihama, Mkopo Nao Uhame



Machi 2023 nilihama chuo katikati ya mwaka. Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma mkoa wa mbali. Mzee wangu akatolewa Msimbati kupelekwa Dar kwa matibabu, na mtoto mkubwa nyumbani ni mimi. Nikaomba nafasi chuo kingine Dar, nikakubaliwa, barua zikagongwa mihuri. Nikafunga begi na godoro nikaenda. Mimi nilifika. Mkopo wangu haukufika.

Chuo kipya wakaniambia, "Mdogo wangu, jina lako bado linasoma kule." Nikapiga simu kule: "Wewe si umeshahama? Huku hatuna habari na wewe." Wenzangu wanasaini bumu, mimi nazungushwa: njoo kesho, njoo Jumatatu. Wiki 11 nikapiga pasi ndefu, nalala chini kwenye geto la mshkaji Mbagala.

Mama akauliza, "Mwanangu, nikutumie nini?" Wana Mtwara mnajua Machi ikoje. Korosho zimeshauzwa mnadani, hela imeshalipa madeni ya dawa na sare za wadogo zangu. Aliuza mbuzi wawili. Sikumwambia kwamba haikutosha.

Kuna watakaosema hiyo ni bahati mbaya yangu. Hapana, tatizo liko kwenye mfumo. Mkopo wa elimu ya juu una mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo na mengine. Ada Bodi ya Mikopo inailipa chuoni moja kwa moja. Hela ya kula anasaini mwanafunzi, lakini chuo alikosajiliwa ndicho kinachomtambua. Ukihama, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inashughulikia uhamisho, vyuo viwili vinaandikiana, Bodi nayo inasubiri taarifa. Karatasi moja ikilala kwenye meza ya mtu, wewe unalala njaa.

Na si kila anayehama anahama kwa kupenda. Februari 2016 TCU ilifuta vibali vya vyuo vya Mtakatifu Yosefu vilivyokuwa Songea, na wanafunzi wakatakiwa kuhamishiwa vyuo vingine. Songea ndiko Mto Ruvuma unakoanzia, kwenye milima ya Matogoro, kabla haujateremka kuja kumwaga maji baharini huku kwetu. Wale vijana hawakukosa kitu. Walipangiwa chuo, wakaenda kusoma, katikati ya mwaka wakaambiwa hameni. Dola ikikuhamisha kwa amri, haki ya kula lazima ihame siku hiyohiyo.

Nisiwe mnafiki, yako mambo yaliyorekebishwa. Mwaka 2021 Rais alitangaza kufuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Mwaka 2022 hela ya chakula na malazi ikapanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tulidai, tukapata, tunashukuru. Lakini 10,000 iliyokwama ni sawa na sifuri. Kwa siku 60 hiyo ni 600,000, na hakuna mama mkulima wa Kusini anayeweza kuitoa mfukoni mwezi wa tatu.

Wakubwa watasema wanaogopa wanafunzi hewa, mtu mmoja asilipwe vyuo viwili. Hoja ina ukweli. Lakini dawa ya mwanafunzi hewa ni taarifa kufika haraka. Taarifa ikichelewa, chuo cha zamani kinabaki na jina la mtu asiyekuwepo na chuo kipya kina mtu asiye na jina. Hewa inatengenezwa hapohapo.

Kwa hiyo tudai mambo matatu. Kwanza, TCU ikipitisha uhamisho, Bodi ipate taarifa siku hiyo bila mwanafunzi kubeba barua. Hizi ni taasisi za wizara moja! Pili, hela ya kula isisimame wakati vyuo vinaandikiana. Tatu, ada iliyokwishalipwa chuo cha zamani kwa muhula ambao mwanafunzi hakuusoma irudi imfuate, kwa sababu deni hilo atalilipa yeye.

Wakati tunapambana, nawe unayetaka kuhama jipange. Usiondoke bila barua ya kuruhusiwa, matokeo yako na taarifa ya malipo ya mkopo. Piga nakala. Onana na afisa mikopo wa vyuo vyote viwili, andika jina lake na tarehe. Usisaini fedha za chuo ulichokwishahama. Na usidhani kozi yenye ada kubwa itapandisha mkopo wako. Uliza kabla hujahama.

Gesi ya Msimbati inasafiri kwenye bomba mamia ya kilomita mpaka Dar. Tuliambiwa hiyo ndiyo maendeleo. Serikali iliyoweza kuhamisha gesi yetu inashindwaje kuhamisha jina la mtoto wetu kutoka orodha moja kwenda nyingine?

Kama yamekukuta, andika: ulihama lini, ulikaa siku ngapi bila hela. Peleka kwenye tawi lako. Tukizikusanya, wabunge wetu wataingia bungeni na ushahidi mkononi. Mzee wangu alipona, nami nilimaliza chuo. Wapo walioishia njiani, na hao ndio tunaowadai.