Mausi ya bei chee ni hasara kwa mwenye steshenari

WAKATI macho ya wafanyabiashara wengi wa Songea yako kwenye bei ya mahindi na ya kahawa ya Mbinga, ipo gharama ndogo inayokula mtaji wa wenye maduka ya steshenari bila wao kuiandika kwenye daftari. Gharama hiyo ni mausi ya kompyuta, ambayo wengine huiita kipanya.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katika miaka ile aliyeiona mausi alikuwa mtu wa bahati. Leo tatizo limegeuka. Mausi zimejaa madukani, lakini mnunuzi hana njia rahisi ya kutambua ipi itadumu, hivyo anaangalia bei tu. Maoni ya safu hii ni kwamba bei ya kununulia ni kipimo kibaya. Kipimo sahihi ni gharama kwa kila mwezi wa kazi.

Tuchukue mfano. Mausi ya Sh 8,000 ikidumu miezi mitatu, mwenye duka atanunua nne kwa mwaka, yaani Sh 32,000. Kwa miaka mitatu zitakuwa Sh 96,000. Mausi ya Sh 35,000 ikidumu miaka hiyo mitatu, gharama yake haifiki Sh 1,000 kwa mwezi, wakati ile ya bei chee inakaribia Sh 2,700. Hapo hatujahesabu wateja waliokwenda duka la jirani siku mausi ilipogoma, na siku hiyo marejesho ya mkopo hayakusubiri.

Siku hizi steshenari si fotokopi peke yake. Mwanafunzi anajaza hapo maombi ya Bodi ya Mikopo, na mfanyabiashara anasajili jina la biashara BRELA kwa mtandao. Mausi inayohesabu bonyezo moja kuwa mawili inaweza kufungua ukurasa usiotakiwa, au kuangusha faili njiani kabla halijafika linakopelekwa. Kosa la namna hiyo kwenye fomu ya mteja si dogo.

Kwa nini zinakufa mapema? Mausi za zamani zilikuwa na gololi chini, ikibeba uchafu wa mezani, lakini mwenye nayo aliweza kuitoa, akaifuta na kuendelea na kazi. Mausi za taa ziliondoa tatizo hilo. Kilichobaki ni swichi ndogo iliyo chini ya kila kitufe, yenye kipande chembamba cha bati kinachopinda kila unapobonyeza. Bati likichoka, au sehemu zinazogusana zikipata kutu na vumbi, ndipo bonyezo moja huwa mawili. Kiangazi cha Songea na vumbi lake hakiisaidii swichi hiyo.

Watengenezaji hutaja uhai wa swichi kwa idadi ya mibonyezo: milioni 5, 10, 20 na zaidi. Duka linalobonyeza mara 5,000 kwa siku, kwa siku 300, linafikisha milioni 1.5 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo hata swichi ya milioni 5 ingepaswa kupita miaka mitatu. Mausi inayokufa ndani ya miezi mitatu katika duka la namna hiyo haijazeeka. Ama swichi yake ni hafifu, ama waya umekatikia ndani pale unapoingia kwenye mwili wa mausi.

Kwa hiyo mnunuzi aanze na vitu vitatu. Kwanza, aangalie shingo ya waya: iwe na mpira mzito unaozuia kupinda. Pili, aombe mausi ichomekwe kwenye kompyuta, kisha abonyeze kitufe cha kushoto taratibu mara 50 juu ya faili moja. Faili likifunguka hata mara moja kwa bonyezo moja, airudishe. Tatu, aulize kama chini kuna skrubu. Mausi yenye skrubu hufunguliwa, na fundi wa redio mwenye lehemu anaweza kubadili swichi yenye miguu mitatu kwa muda mfupi. Iliyogundishwa kwa gundi ikiharibika huwa takataka. Ile isiyo na waya inafaa kwa msafiri, lakini kwa kaunta ya duka inaongeza gharama ya betri na hatari ya kupoteza kile kipokezi kidogo.

Muuzaji naye ana lake la kujibu. Wengi husema mteja wa Songea anataka bei ndogo, na mfuko wake haudanganyi. Ni kweli. Lakini mzigo unasafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, na nauli ya katoni haiulizi kama ndani kuna mausi nzuri au mbovu. Anayeleta mzigo hafifu analipia usafiri wa malalamiko. Aweke daraja mbili dukani, aeleze tofauti yake, na ile ya juu aipe dhamana ya miezi sita kwa maandishi. Asiyethubutu kuidhamini bidhaa yake anamwambia mteja jambo muhimu kuhusu bidhaa hiyo.

Mnunuzi naye asiondoke bila risiti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, kwa kawaida inamlinda anayemweleza muuzaji kazi anayotaka kuifanya na kutegemea ujuzi wake. Ulinzi huo ni mgumu kuutumia kama hakuna karatasi ya kuonyesha. Bidhaa bandia nazo hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, na huko pia ushahidi wa kwanza ni risiti.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Ushauri wetu kwa mwenye steshenari ni kuandika tarehe ya kununua kwenye kibandiko na kukibandika chini ya kila mausi. Baada ya mwaka mmoja atajua mwenyewe, bila kumuuliza mtu, ni ipi iliyokuwa ghali.