Kosa la 1968 lisirudiwe

Forodhani, kabla ya kuwa bustani ya kupungia upepo na kula mishikaki, palikuwa mahali pa ushuru, kama jina lenyewe linavyosema. Kilichoshushwa Unguja kilihesabiwa, kikaandikwa na kutozwa kabla ya kuingia mjini. Kazi hiyo ilikwisha kuhamia Bandari ya Malindi zamani, hatua chache kutoka bustanini, na huko ndiko boti za Dar es Salaam zinakoshusha abiria kila siku. Mikoba hufunguliwa, maboksi huulizwa. Lakini upo mzigo mmoja ambao hakuna karani wala mkaguzi auonaye, nao ni vimelea vya malaria vilivyomo katika damu ya msafiri ambaye mwenyewe hajihisi mgonjwa.

Jambo hili lazungumzwa sana mjini, na mara nyingi lazungumzwa vibaya. Husemwa kwamba malaria imekwisha Zanzibar na kwamba iliyobaki ni ya wageni. Kauli hiyo ina sehemu ya kweli na sehemu ya hatari, na ni wajibu wa watumishi wa umma na walimu, ambao maneno yao husikilizwa mtaani, kuzitenganisha sehemu hizo mbili.

Sehemu ya kweli ni kubwa na inastahili kuelezwa kwa fahari. Mwanzoni mwa karne hii klorokwini, dawa ambayo kila nyumba iliijua kwa uchungu wake, ilikuwa haifai tena. Majaribio yaliyofanywa visiwani yalionyesha kwamba ilishindwa kuwaponya watoto wengi kuliko iliowaponya. Serikali ya Mapinduzi haikungoja. Septemba 2003 dawa ya mseto ilianza kutolewa bure katika vituo vyote vya afya vya umma, Zanzibar ikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza katika Afrika kufanya hivyo. Vikafuata vyandarua vyenye dawa na, kuanzia 2006, upuliziaji wa dawa majumbani. Utafiti uliochapishwa 2007, uliofanywa katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, ulionyesha kwamba vifo vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52 kati ya 2002 na 2005. Utafiti mwingine, wa 2017, ulikadiria kwamba maambukizo ya malaria visiwani yalishuka kwa asilimia 94 kati ya 2003 na 2015. Kwa miaka mingi baada ya 2008, vipimo vya damu vilivyochukuliwa majumbani vilikuta vimelea kwa watu wasiofika mmoja katika kila mia.

Mwalimu aliyefundisha Mkokotoni au Makunduchi katika miaka ya 1990 hahitaji takwimu hizo. Anakumbuka madawati yaliyokuwa wazi wakati wa masika, na anakumbuka kwamba hakuna aliyeshangaa.

Sehemu ya hatari yatokana na kusahau. Maana hii si mara ya kwanza kwa Zanzibar kuikaribia safari ya mwisho ya malaria. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, ilianzishwa kampeni ya kuitokomeza kabisa. Wapuliziaji walikwenda nyumba kwa nyumba na mabomba ya DDT mgongoni, mjini na mashamba, Unguja na Pemba. Kazi iliendelea kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964, na ilipofika 1968 watu waliokutwa na vimelea walikuwa wamepungua hata chini ya kumi kwa mia katika visiwa vyote viwili, na Pemba walikuwa wachache zaidi. Ndipo kampeni ikasimamishwa. Baada ya miaka michache tu ugonjwa ulikuwa umerejea mahali pake, na zaidi ya nusu ya waliopimwa walikutwa nao. Jaribio la pili likafanywa kuanzia 1984, mara hii kwa fedha za Marekani. Nalo lilifikia kikomo 1989. Mbu walikuwa wamekwisha kuizoea DDT, na fedha zilikuwa na tarehe yake ya kumalizika.

Zanzibar haikuwa peke yake katika makosa hayo. Sri Lanka, kisiwa kilichoitwa Ceylon wakati huo, kilihesabu wagonjwa 17 tu mwaka mzima wa 1963. Upuliziaji ukalegezwa, na kabla ya muongo ule kwisha wagonjwa walikuwa zaidi ya nusu milioni. Iliwachukua watu wa kisiwa hicho mpaka 2016 kupata hati ya kutangazwa huru na malaria. Mauritius, jirani wa Bahari ya Hindi, ilitangazwa kuwa imeishinda malaria 1973, na 1975, baada ya kimbunga kikubwa, malaria ikarudi. Wamauritius wakaanza upya, wakafaulu, na tofauti yao na wengine ni hii: waliendelea kulipia ulinzi hata wakati ambapo hapakuwa na mgonjwa wa kuonyesha. Abiria atokaye nchi yenye malaria huandikwa anapofika, na watumishi wa afya humfuata nyumbani kumpima. Hiyo ndiyo forodha ya kweli ya malaria, na ni gharama isiyoonekana matunda yake isipokuwa ikiachwa.

Zanzibar nayo imejenga ulinzi wake, na yafaa watu wajue unavyofanya kazi kwa sababu wengi hupita mbele yake bila kuutambua. Tangu 2008 vituo vya afya hupeleka kwa simu idadi ya wagonjwa wa malaria kila wiki, na tangu 2012 kila mgonjwa mmoja mmoja hutolewa taarifa. Ofisa wa wilaya hupanda pikipiki yake na, kwa utaratibu uliowekwa, hutakiwa kufika nyumbani kwa mgonjwa katika muda wa saa 48, awapime wote wanaoishi naye, awatibu walioambukizwa, aulize nani amesafiri na lini. Mahali pengi katika bara hili mgonjwa wa malaria ni tarakimu katika daftari. Hapa ni mtu mwenye nyumba, shehia na safari zake. Ni kazi ngumu, haina sherehe, na watu wanaoifanya hawajulikani hata katika mitaa wanayoihudumia.

Kutokana na kazi hiyo, na tafiti zilizojengwa juu yake, ndipo ilipopatikana habari ambayo wapenda kulaumu wageni hawajaipokea. Watafiti waliochunguza safari kati ya Zanzibar na bara, kwa kutumia takwimu za simu za mkononi zisizo na majina pamoja na hesabu za abiria, waliona katika 2009 na 2011 kwamba wakazi wa Zanzibar wanaokwenda sehemu zenye malaria na kurudi ndio wanaoingiza vimelea vingi zaidi kuliko wageni. Wengi wa wasafiri hao hawana kosa lolote; huenda Dar es Salaam siku mbili tatu na kurejea salama. Shida ni wale wachache wakaao wiki kadhaa mikoa yenye ugonjwa mwingi: mfanyabiashara wa nafaka, kibarua wa msimu, mwanafunzi aliyekwenda likizo kwa shangazi yake Tanga. Naye mtumishi wa Serikali asijitoe katika orodha hiyo. Yeye huenda semina Morogoro, hulala nyumba ya wageni ambayo chandarua chake kimetoboka, hurudi na mkoba wa makaratasi, na homa ikimshika siku ya kumi hununua panado dukani na kuendelea na kazi, kwa kuwa amesikia malaria imekwisha.

Hata hivyo, kusema kwamba malaria yote yatoka ng'ambo ya bahari ni kosa lile lile kwa sura nyingine. Utafiti uliochapishwa 2024 ulilinganisha chembe za urithi za vimelea vilivyopatikana Zanzibar na vile vya Bagamoyo. Ulikuta kwamba vimelea vya visiwani vilivyotoka sehemu zinazokaribiana vina undugu wa karibu sana, jambo ambalo laonyesha kuwa vinaambukizwa papa hapa, mtaa kwa mtaa. Tena, wachunguzi walipotumia vipimo vya maabara vyenye nguvu zaidi katika nyumba za wagonjwa na za majirani zao, waligundua kwamba sehemu kubwa ya walioambukizwa haikuonekana kwa kipimo cha haraka kinachotumika majumbani. Watu hao hawana homa. Wanakwenda kazini, wanasali, wanacheza bao, na mbu akiwauma huchukua alichokipata na kumpelekea jirani.

Naye mbu amebadilika. Aliyekuwa akitawala zamani, apendaye kuuma ndani ya nyumba usiku wa manane, alipungua mno kwa vyandarua na upuliziaji. Aliyebaki kwa wingi huuma pia nje, na mapema, saa ambazo watu wangali barazani. Dawa za kupulizia zimebidi kubadilishwa zaidi ya mara moja kwa sababu mbu walizizoea. Katika hali hiyo, chandarua peke yake, japo hakina mbadala kwa mtu aliyelala, hakiwezi kumlinda mtu ambaye bado anasikiliza taarifa ya habari nje ya mlango wake.

Sayansi haikulala, na safari hii haikuja yote kutoka London au Geneva. Chanjo ya R21, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, ilijaribiwa pia Bagamoyo na Kilifi. Misungwi, mkoani Mwanza, vyandarua vyenye dawa za aina mbili vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili vikilinganishwa na vile vya kawaida. Matokeo yalitolewa 2022. Kwale, pwani ya Kenya, kuwapa watu ivermectin ili mbu awaumaye afe kulipunguza maambukizo kwa watoto kwa asilimia 26, kama ilivyotangazwa 2025. Zote ni silaha za kusaidia. Hakuna hata moja inayodai kufanya kazi ya yule ofisa wa pikipiki.

Na ipo habari nyingine, isiyopendeza. Katika Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, wataalamu wa Tanzania walithibitisha kwamba baadhi ya vimelea vimeanza kuchelewa kuondoka katika damu ya mgonjwa anayetumia mseto; taarifa yao ilichapishwa 2024. Mseto bado unaponya. Lakini klorokwini nayo ilianza hivyo hivyo, na kutoka Kagera hadi Malindi ni mwendo wa basi na boti.

Mwishoni mwa 2023, baada ya mvua kubwa, wagonjwa wa malaria waliongezeka ghafla Zanzibar, zaidi katika Mkoa wa Mjini Magharibi, na ongezeko hilo likaendelea kuingia 2024. Mwaka uliofuata, Januari 2025, Serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1, 2025 shirika lake la USAID likafungwa rasmi. Baadhi ya shughuli za kuokoa maisha ziliruhusiwa kuendelea, lakini somo lilikuwa limekwisha kutolewa. Upuliziaji wa Zanzibar tangu 2006 ulitegemea sana mfuko huo. Sehemu nyingine ya vita imetegemea Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulioanzishwa 2002, nao hutegemea hisani za mataifa hayo hayo. Ni sawa na 1968 na ni sawa na 1989, ila kwa jambo moja: safari hizo mbili watu wazima walikuwa na kinga ya mwilini iliyotokana na kuugua mara kwa mara tangu utotoni. Kijana wa Unguja aliyezaliwa 2005 hana kinga hiyo. Malaria ikirudi kwa wingi haitamkuta mtoto mchanga peke yake. Itamkuta hata mwanafunzi wa kidato cha sita.

Wapo wasemao kwamba fedha ni chache na maradhi ni mengi. Kwamba kisukari na shinikizo la damu yanaua zaidi sasa, na si busara kumlipa mtu mshahara wa kutafuta mgonjwa ambaye huenda hayupo. Hoja hiyo ina uzito, na wanaoitoa si wapuuzi. Lakini tumeona yaliyofuata kampeni ya 1968 iliposimamishwa. Kisukari kikiachwa mwaka mmoja hakihami kutoka nyumba moja kwenda ya pili. Malaria huhama, na masika mawili huitosha.

Kwa hiyo wakati Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wanapokutana Chukwani kujadili makadirio ya Wizara ya Afya, wananchi wana haki ya kusikia majibu ya maswali machache yasiyo na mafumbo. Mishahara na mafuta ya maofisa wa malaria wa wilaya yalipwa na Hazina ya Zanzibar, au na mradi wenye tarehe ya kumalizika? Dawa ya kupulizia shehia zenye wagonjwa kabla ya masika imekwisha kununuliwa, na kwa fedha za nani? Msafiri ashukaye Malindi baada ya wiki tatu za bara atapimwa wapi, bure, bila kutazamwa kama mhalifu? Na skuli, ambazo mwalimu wake ndiye mtu wa kwanza kumwona mtoto aliyerudi likizo akiwa na homa, zimeandikiwa kituo gani cha kupeleka taarifa hiyo siku ile ile?