Vijana Wasiidharau Kazi ya Kupima Macho

Mwanafunzi asiyeyaona maandishi ubaoni aghalabu huitwa mvivu. Mwalimu humkaripia, wazazi humkatia tamaa, na hatimaye yeye mwenyewe huamini kwamba hana akili. Kumbe kasoro haimo akilini bali machoni, na tiba yake ni lenzi mbili zilizopimwa na mtu aliyefunzwa kupima.

Mtu huyo ni mtaalamu wa optometria. Vijana wetu wamalizapo masomo hutaja udaktari, uhandisi na uanasheria. Wachache mno huitaja kazi hii. Wapo hata wanaodhani kuwa ni biashara ya kuuza miwani tu. Dhana hiyo ni potofu, na yafaa ikomeshwe.

Mtaalamu huyu hupima jinsi jicho linavyoipinda nuru, akatambua kama mtu haoni mbali au haoni karibu, kisha akaandika kipimo cha lenzi imfaayo. Tena huchunguza ndani ya jicho. Ugonjwa wa presha ya jicho huiba uwezo wa kuona polepole, aghalabu bila maumivu, na kilichokwisha potea hakirudi. Kisukari nacho huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho. Upasuaji si kazi yake. Lakini anapoziona dalili mapema na kumpeleka mgonjwa kwa daktari bingwa, huwa amemwepusha na upofu.

Uzito wa jambo hili hauna shaka. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 2.2 duniani wana upungufu wa kuona, na kwamba kwa watu wasiopungua bilioni 1 kati yao upungufu huo ungaliweza kuzuiwa, au bado haujashughulikiwa. Miongoni mwao, milioni 826 ni wale wasioona karibu kwa sababu ya umri, ambao wangetosheka na miwani ya kusomea.

Wala miwani si pambo la wasomi. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya chai ya Assam, India, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wachumaji wenye umri wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani waliwapita wenzao wasiopewa kwa takriban asilimia 22 katika ongezeko la uzalishaji. Kwa fundi cherehani ashindwaye kutunga uzi sindanoni, miwani ni nyenzo ya kazi kama lilivyo jembe kwa mkulima.

Njia ya kuifikia kazi hii ipo. Mafunzo yake hutolewa KCMC mjini Moshi, na kwa jirani zetu yako Makerere nchini Uganda na Masinde Muliro kule Kakamega, Kenya. Anayeitamani hana budi kuyashika barabara masomo ya sayansi, hasa fizikia na baiolojia, maana jicho ni kiungo cha mwili na papo hapo ni chombo cha nuru.

Hata hivyo, kuwahimiza vijana peke yake hakutoshi. Mtaalamu asiye na sanduku la lenzi za kupimia wala kifaa cha kuchunguzia jicho ni sawa na askari asiye na silaha. Ni wajibu wa wenye dhamana kuhakikisha kwamba nafasi za ajira na vifaa vinafika hadi wilayani. Nao wahitimu wasikimbilie wote kufungua maduka katika barabara kuu za miji. Mzee wa kijijini anayenunua mnadani miwani isiyopimwa aweza kusoma barua yake vizuri leo, huku presha ya jicho ikiendelea kumla kimyakimya, kwa kuwa hakuna aliyemchunguza.

Mwaka 2021 mataifa yalikubaliana katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani kwamba, ifikapo 2030, kiwango cha watu wanaopata miwani iwafaayo miongoni mwa wanaoihitaji kiongezeke kwa pointi 40 za asilimia. Lengo hilo halitatimizwa kwa maazimio, bali kwa mikono ya vijana waliofunzwa.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, lakini wapo wengi wenye macho ambao hawawezi kutazama. Kijana anayetafuta kazi ya maana na aanzie hapo.