Umoja wa Nani?

Kila mwaka, ndugu walimu, tunawapa wanafunzi insha ile ile: "Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu." Na kila mwaka tunampa alama nyingi yule aandikaye kwamba siasa za Uganda ziliharibika kwa sababu vyama viligawanyika, na zingepona kama vingeungana. Mimi nasema hilo ni somo la uongo, na hapa Masafu tunao ushahidi wa kutosha wa kulikanusha.

Tuanze na mkulima, maana ndiye aliyekizaa chama. Ignatius Musazi aliwaongoza wakulima katika Uganda African Farmers' Union, jumuiya iliyopigwa marufuku baada ya ghasia za 1949. Mwaka 1952 akaanzisha Uganda National Congress. Chama hicho kilipasuka 1959, na Machi 1960 upande wa Milton Obote ukaungana na Uganda People's Union, kikazaliwa UPC. Vitabu vinasifu ndoa hiyo. Lakini miezi miwili tu kabla yake, Januari 1960, wakulima wa Bukedi, na Masafu yetu ilikuwa ndani ya Bukedi, waliinuka dhidi ya kodi na machifu walioikadiria. Je, vitabu hivyo hivyo vinawataja? Kwa nadra, tena kwa jina la "wafanya ghasia"!

Wako watakaosema kwamba hayo ni ya kale. Basi tutazame 1979. Vita vilikuwa havijaisha pale makundi ya wapinzani wa Idi Amin yalipokutana Moshi, mwezi wa Machi, yakaungana kuwa UNLF. Umoja gani uliopata kushangiliwa kuliko huo? Yusuf Lule aliyekabidhiwa urais aliondolewa baada ya siku 68; Godfrey Binaisa aliyemfuata akaangushwa Mei 1980. Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 10 na 11 Desemba 1980, majeshi ya Tanzania yangali nchini na West Nile ikiwa imetoka kuungua kwa mapigano ya Oktoba. Kila chama kiliwekewa sanduku lake la kura. Wagombea 17 wa UPC walipita bila kupingwa. Na kura zilipokuwa zikihesabiwa, Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, alitoa amri kwamba asiyeruhusiwa naye asitangaze matokeo, ama sivyo atozwe faini ya shilingi 500,000 au afungwe miaka mitano. UPC ikatangazwa mshindi. Tarehe 6 Februari 1981 risasi zikalia Kabamba.

Katika hayo yote, utengano uko wapi uliomdhuru mkulima? Aliyemdhuru ni yule aliyeungana na wenziwe mezani, akafunga mlango.

Nasi walimu wa Kiswahili tunahusika zaidi ya wengine. Vita vile vilituachia maneno: askari wa Tanzania waliitwa "wakombozi", na kabla yao mpaka wa Busia ulikuwa umekwisha kuzoea neno "magendo". Mwanafunzi anayajua maneno hayo kwa ladha yake yote, tamu na chungu. "Umoja" pekee tunamfundisha kama neno lisilo na mwenyewe.

Napendekeza insha hiyo ibadilishwe. Mwanafunzi aulizwe: ni nani waliungana, dhidi ya nani, na mlima pamba wa Samia alikuwa ameketi wapi siku hiyo?