Safari Hii Mzigo Nilibeba Mwenyewe

Aberdeen, Uskoti

Kwenu ndugu zangu wa Marangu, Kilema na Mamba,

Nilipotuma zile picha za mwezi Juni kwenye kundi la ukoo, shangazi ndiye aliyewahi kuuliza: ulikuwa na nani? Nikajibu nilikuwa peke yangu, siku tatu, nalala kwenye hema. Simu ikaanza kuita. Mama alitaka kujua nimegombana na nani hata nikimbilie porini. Mjomba akauliza nimelipwa kiasi gani. Siku ile sikuwajibu vizuri, nilikuwa nimechoka. Leo nawajibu.

Swali la mjomba ndilo lililonikaa moyoni, maana kwetu mlima ni kazi. Baba alibeba mizigo ya wageni Kilimanjaro miaka 19. Kilo 20 kutoka getini hadi kambi ya Mandara, mita 2,720. Kesho yake Horombo, mita 3,720. Kisha Kibo, mita 4,720. Pale Kibo mgeni huamshwa usiku wa manane akaenda na mwongozaji kukitafuta kilele cha Uhuru, mita 5,895, na mpagazi hubaki na mizigo. Nilipokuwa darasa la tatu nilimwuliza baba kileleni kukoje. Akaniambia hajafika. Sikumwuliza tena, lakini sijasahau alivyoyasema maneno yale huku akifungua kamba za viatu.

Sasa niwaeleze nilikokwenda. Kila asubuhi nikienda kazini kwenye nyumba ya wazee navuka mto Dee, ambao unaingia baharini hapa hapa Aberdeen. Mzee mmoja ninayemhudumia, ambaye ujanani alikuwa mtu wa milima, aliniambia maji yale yanatoka juu ya mlima Braeriach, wenye mita 1,296, na kwamba mwenye miguu anaweza kuyafuata. Mimi nimekulia kando ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba. Maji yakipita shambani najua kuna mtu aliyepanda kuyafungulia huko juu, na utotoni nilitamani sana kufika yanakoanzia. Nikaomba likizo.

Nilipanda basi hadi Braemar, kisha miguu. Begi nililipima nyumbani: kilo 15, pamoja na hema, mfuko wa kulalia, jiko dogo la gesi, ramani, dira na unga wa uji. Nilimwachia jirani karatasi yenye njia nitakayopita na siku ya kurudi, ili nisipotokea apige simu polisi. Huku waokoaji wa milimani ni watu wa kujitolea, na wakikuokoa hawakudai hata senti.

Jambo lililonishangaza ni sheria yao. Tangu ile ya mwaka 2003, mtu yeyote Uskoti anaruhusiwa kutembea na kulala usiku mmoja mmoja karibu popote penye ardhi ya wazi, hata ikiwa ni mali ya mtu, mradi asiharibu na asisumbue. Hakuna geti wala tiketi. Usiku wa kwanza nililala chini ya misonobari ya zamani karibu na Derry Lodge. Saa nne usiku kulikuwa bado kweupe. Usubi ulinila hadi ndani ya masikio. Nikapika nimejifunika khanga ya mama kichwani, ikanisaidia kuliko dawa niliyonunua.

Siku ya pili nilifika Corrour, kibanda cha mawe kilichojengwa 1877 kwa ajili ya mlinzi wa mawindo. Sasa hakina mwenyewe wa kukutoza. Ukifika unaingia, unalala, unafagia, unaondoka. Hapo mlangoni nilivua shati ili nilikaushe, nikaona mistari miwili myekundu mabegani, ngozi imechubuka kwenye ukingo wa mkanda. Siku mbili tu, kilo 15, na njia yenyewe haijapanda sana. Nikaikumbuka shingo ya baba. Mnaijua ile sugu iliyo chini ya kisogo chake, ngumu kama kisigino. Miaka yote nilidhani amezaliwa nayo. Nilikaa pale nikalia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Siku ya tatu niliingia bonde la Lairig Ghru kuelekea Aviemore. Njia inapanda hadi mita 835, na karibu na juu kuna mawe matupu, makubwa kama makreti ya soda, na kati yake vidimbwi vinavyoitwa Pools of Dee. Maji yake ni meupe kabisa, na yanapotoka hapo unayasikia tu yakipita chini ya mawe. Nilikunywa kwa viganja. Ndipo ukungu ukashuka, nisiione hata njia. Nilifanya baba alivyonifundisha: nikaketi, nikavaa kila nguo niliyokuwa nayo, nikachemsha chai, nikangoja. Ulichukua dakika 40 kupita. Msiidharau milima hii kwa ufupi wake. Novemba 1971, wanafunzi watano na msaidizi kijana wa kiongozi wao walikufa kwa baridi kwenye uwanda wa juu wa milima hiyo hiyo.

Ndugu zangu, siwashauri mwende peke yenu. Kilimanjaro ni mrefu zaidi ya mara nne ya milima niliyopita, hewa yake ni nyepesi, na kanuni ya kutopanda bila mwongozaji ni ya haki. Ninachowaomba ni kingine. Raia analipa kiingilio kwa shilingi, na ni kidogo mno kuliko cha mgeni. Kutoka geti la Marangu hadi Mandara na kreta ya Maundi ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi, ndani ya msitu tunaouona kila siku kutoka migombani. Ni wangapi katika ukoo wetu tumewahi kuipita njia ile bila mzigo wa mtu? Mimi sijawahi. Vijana wetu wanaujua mlima kwa kilo na kwa posho, na dada zao hawaujui kabisa. Wapelekeni watoto. Wakanywe maji yanakotokea.

Baba, nimepata likizo ya wiki tatu mwezi Januari. Daktari amesema magoti yako yanaweza kufika Mandara tukienda polepole na tukilala huko usiku mmoja. Tutatafuta mwongozaji, na uchague wewe, maana unawajua. Koti lako, maji yako na chakula chako nitabeba mimi.